Diwani Wetu Ni Nani?

Twaandika haya kutoka Tunduma, mji ulio ukingoni mwa nchi, ambapo mwendo mfupi wa miguu humfikisha mtu Nakonde katika Zambia. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni barabarani, wafanya biashara huvuka na kurudi, na habari nazo hupita pamoja na mizigo. Basi si ajabu kwamba mambo ya mbali hujulikana hapa upesi kuliko ya mtaani.

Mwanzoni mwa Novemba 2025, intaneti iliporudi baada ya kuzimwa tangu siku ya uchaguzi wetu, tarehe 29 Oktoba, simu za vijana wetu zilijaa habari moja: New York imempata Meya Mwislamu, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala. Alichaguliwa tarehe 4 Novemba, na siku hiyo hiyo wenyeji wa mji ule walichagua pia wajumbe 51 wa baraza lao. Waislamu wengi walifurahi, wala hatuwalaumu. Vijana walitusomea ahadi zake moja moja: mabasi yawe ya bure, malezi ya watoto wadogo yasilipiwe, na kodi za nyumba nyingi zisipandishwe. Tukawauliza, “Na diwani wa kata yetu ni nani?” Tulipewa majina matatu, na mmoja wa hao alikwisha kuacha udiwani zamani.

Walicheka, sisi hatukucheka. Mama wa nyumbani kwetu ana meza ya mchicha na nyanya sokoni. Ushuru wa sokoni haukadiriwi na Rais, wala Bunge halikai Dodoma kujadili taka zizolewe lini au machinjio yawekwe wapi. Sheria ndogo za mambo hayo hupitishwa na baraza la madiwani, nalo ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri, ambayo ndani yake mna zahanati na shule za msingi. Yaani serikali iliyo karibu na chungu cha jikoni ndiyo hii, nayo ndiyo watu huichagua huku wakifikiri habari nyingine.

Lakini tusiwaonee vijana. Mazoea ya kuchagua hujengwa, na hapa kwetu yamevunjwa mara kadha wa kadha. Mwaka 1972 serikali ilianza kuziondoa halmashauri, na mambo ya wilaya yakawekwa mikononi mwa maofisa. Ilipofika 1982 ndipo Bunge lilipotunga sheria mbili, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, zilizo msingi wa halmashauri za leo. Mwaka 2015 Tunduma ilimpeleka Bungeni Frank Mwakajoka wa CHADEMA, na mwaka 2020 akatangazwa David Silinde wa CCM. Katika miaka ile mtu aliweza kusimama kibarazani akabishana na jirani yake juu ya watu wawili anaowajua wote.

Mabishano hayo yamepungua. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, CHADEMA na vyama vingine vilijitoa kwa sababu wagombea wao wengi walienguliwa. Katika ule wa tarehe 27 Novemba 2024, CCM ilitangazwa kushinda vijiji 12,150 kati ya 12,271, na mitaa 4,213 kati ya 4,264. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa katika karatasi za kura, na siku ya uchaguzi ikageuka siku ya maandamano na vifo katika miji kadhaa ya nchi yetu. Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa.

Sisi Waislamu twafundishwa kwamba ushahidi ni amana, nasi twaiona kura kuwa namna ya ushahidi. Lakini shahidi huyo ataulizwa nini, ikiwa amewekewa jina moja tu mbele yake? Hatusemi haya kwa kukipenda chama hiki au kukichukia kile. Twasema kwamba diwani asiyeshindana na mtu hana haja ya kubisha hodi, na mlango usiobishwa hodi haumjui mgeni wake.

Jamaa zetu wa Nakonde wana desturi nyingine. Tangu mwaka 2016 mwananchi wa Zambia humpigia kura yeye mwenyewe mwenyekiti wa halmashauri yake, au meya, pamoja na diwani, mbunge na Rais, siku moja. Kwetu mwenyekiti huchaguliwa na madiwani wenzake katika kikao. Hatudai kwamba kila cha jirani ni bora, ila mwenyekiti wa upande wa pili hana budi kupita sokoni na kuomba.

Hata hivyo vikao vya baraza letu ni vya wazi, na mkutano wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mama wa nyumbani kwetu ameanza kuziweka stakabadhi zake za ushuru katika kopo la majani ya chai, na juzi ametutuma ofisi ya kata tumwulizie tarehe ya kikao kijacho.