Usishindane na Mtambo wa Redio

Mpwa wangu,

Nataka tuzungumze kuhusu miksi zako, unazozibana mpaka juu kabisa ya kipimo ili wimbo usikike mkubwa redioni. Unahangaika bure. Kituo cha FM hakirushi faili lako kama lilivyo. Kabla sauti haijafika mnarani hupita kwenye mtambo wa kuisawazisha, kama Optimod iliyotoka mwaka 1975 na warithi wake. Mtambo huo hunyanyua palipo chini, hubana palipozidi na kukata vilele, maana masafa ya FM hayaruhusiwi kuyumba zaidi ya kilohezi 75 kila upande. Wimbo ulioachiwa nafasi huinuliwa. Uliokwisha kubanwa huteremshwa hadi kimo kile kile cha wenzake, ila ngoma zake zimeshakatwa vichwa, na hapo hukatwa tena. Sauti kali za juu ndizo huumia zaidi, kwani kituo huziongeza makusudi, ili redio ya msikilizaji ikizipunguza, mvumo wa hewani upungue pamoja nazo. Kwa hiyo “s” ya mwimbaji na matoazi uliyoyanoa mno ndivyo vya kwanza kugonga dari.

Utaniambia DJ husikiliza sekunde chache tu, na wimbo wenye sauti ndogo ataupita. Ni kweli, ma-DJ wengine ndivyo walivyo. Lakini sikwambii upeleke wimbo unaonong’ona. Nasema usiue mapigo yake kwa ajili ya tofauti ambayo yeye huimaliza kwa kidole kimoja mezani. Na ukisema siku hizi watu wako mtandaoni, huko nako Spotify na YouTube hushusha nyimbo zilizozidi.

Jasho lako litoke kwenye mono, yaani pande zote mbili zikiunganishwa kuwa sauti moja. FM ya stirio hurusha kwanza jumla ya kushoto na kulia. Tofauti ya pande hizo hubebwa pembeni, na mawimbi yakidhoofu, redio nyingi za magari huiacha. Redio ndogo yenye spika moja haina habari nayo kabisa. Kiitikio ulichokitanua kwa kugeuza upande mmoja kinyume, hapo hujifuta chenyewe. Sikurudishi enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi ikirekodiwa kwa mkupuo mmoja. Ila zisikilize kazi za bendi ya NUTA Jazz za enzi hizo uone jinsi maneno yanavyoshikika hata kwenye spika duni. Msikilizaji wetu hufuata maneno kwanza. Besi ya hezi 50 spika hiyo haiwezi kuitoa, basi iongezee kidogo sauti za juu zinazotokana nayo, na sikio litajaza lililobaki.

Kabla hujautoa wimbo unaoushughulikia sasa, ugeuze mono, uupunguze mpaka feni ya studio iushinde kidogo, kisha usikilize ubeti wa pili. Neno likipotea, shusha kinanda, usipandishe wimbo mzima.

Nisalimie mama yako.

Mjomba wako