Kibaba cha Usiku wa Idi

Nyuma ya mlango wa chumba cha ndani, katika nyumba moja ya Mikese, pametundikwa kibaba cha mti kilicho cheusi kwa moshi na kwa mikono ya watu wengi. Sokoni hakihitajiwi tena. Madukani hupimwa kwa mizani, na wachuuzi wa kando ya barabara hupima kwa sado na ndoo. Mwaka mzima kibaba hiki hukaa juu ya msumari wake pasipo mtu kukikumbuka, mpaka usiku wa kuamkia Idi el Fitri, ambapo huteremshwa, hufutwa vumbi, na hutiwa mikononi mwa mtoto mdogo kuliko wote ajuaye kuhesabu mpaka nne.

Hesabu hiyo ya nne ina asili yake. Fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne, kama vile pimo la Waarabu liitwalo swaa lilivyo mudi nne. Masheikh wa leo huikadiria pishi hiyo kuwa yapata kilo 2 na nusu za mchele. Watu wengi wa mjini hununua mchele uliokwisha kupimwa dukani, huupeleka msikitini ndani ya mfuko wake, na kazi huishia hapo. Hapana lawama katika hilo, maana wajibu umetimizwa. Walakini mtoto wa nyumba hiyo hakuona kitu ila mfuko ukitoka mlangoni.

Mikese iko mashariki ya mji wa Morogoro, kando ya reli na kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, na milima ya Uluguru huonekana kusini-magharibi yake, aghalabu ikiwa na mawingu kichwani. Reli hiyo ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza liliifanya Mikese kuwa bohari ya vyakula na zana za askari waliokuwa wakielekea upande wa Rufiji, na mizigo mingi ilichukuliwa vichwani mwa wapagazi. Basi hapa ni mahali pa watu waliozoea tangu zamani kuona chakula cha wengine kikipita. Katika misafara iliyotangulia reli, kibaba kimoja cha nafaka ndicho kilichokuwa posho ya mpagazi kwa siku moja. Hesabu hii itarudi mbele.

Mwenye nyumba ni bibi wa Kiluguru. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo watoto wa binti zake si wageni hapo, hata wakiwa wamezaliwa Kariakoo, ni kwao. Watatu hukaa naye, na wengine huja na mama zao siku chache kabla ya sikukuu, nguo zao mpya zikiwa zimekunjwa ndani ya mabegi. Asubuhi ya pili huvuliwa viatu, wakapelekwa nyuma ya nyumba kukanyaga udongo. Maana ukuta wa jiko hukandikwa upya kila mwaka kabla ya Idi, na udongo wa kukandikia hautaki jembe peke yake. Wataka miguu, na miguu midogo ndiyo bora, kwa kuwa mwenyewe hachoki kuruka.

Binti mmoja, aliyezoea desturi za mjini, alimwambia mama yake mwaka mmoja, "Mama, watoto wanachafuka bure. Tungemlipa fundi akaimaliza kazi hii kwa siku moja."

Bibi akamjibu, "Fundi ataukandika ukuta. Hawa nao atawakandika nani?"

Hapo pana jambo ambalo wazazi wengi wenye elimu hulipita bila kuliona. Mtoto hufundishwa shukrani kwa ulimi. Akipewa andazi huambiwa, "Sema ahsante," naye husema, huku macho yake yamekwisha kulifikia andazi. Kasuku naye angeweza hivyo. Si kwamba neno lenyewe halina thamani. Adabu ya ulimi ni mlango wa adabu nyingine. Lakini mtoto asiyejua ukuta umesimamaje, mchele umefikaje chunguni, wala kapu limesukwa kwa vidole vya nani, hana kitu cha kushukuru ila kile kilichomfikia mkononi. Bibi huyu hakusoma kitabu cha malezi, na pengine angecheka kusikia kuna vitabu vya namna hiyo; ila sikukuu yake yote ameipanga juu ya kazi, na kila kazi imekatwa kipande cha kimo cha mtoto.

Makapu ya kupelekea fitri husukwa na watoto. Milala huchanwa, huanikwa, nao hukaa barazani wakisuka ukili, mwembamba huku na mpana kule, kama njia ya mlevi. Mama zao hupenda kuufumua wausuke tena. Bibi hukataa. Huushona vivyo hivyo ukawa kapu lililopinda upande mmoja, na kapu hilo lililopinda ndilo litakalobisha hodi kwa jirani.

Halafu huja usiku wenyewe. Mwezi ukishatangazwa, mkeka hutandikwa chini ya taa, mchele huletwa, na mtoto huanza kwa kuwahesabu watu. Humhesabu bibi, mjomba, mama zake, ndugu zake, na nafsi yake. Mwaka mmoja palikuwa na mtoto mchanga wa siku tatu, na mpimaji akauliza kama naye ahesabiwe, maana hajafunga hata siku moja wala hali wali. Bibi akamwambia kwamba aliyezaliwa kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kutua naye hutolewa fitri. "Kaja na tumbo lake," akasema. "Mpimie."

Sokoni kibaba ni cha mfuto, yaani nafaka husawazishwa kwa kiganja hata iwe sawa na ukingo. Usiku huu bibi hauruhusu mfuto. Kibaba hutoka na kichwa chake. Mtoto mpimaji huiona hasara mara moja, kwani lundo linalotoka linakua na linalobaki linapungua, naye anajua kuwa pilau ya kesho itatoka katika linalobaki. Wapo waliopunguza kichwa kwa ncha ya kidole, wakidhani hawaonwi. Bibi huona, hanyamazishi mtu wala hagombi; husema tu, "Hicho rudia, mume wangu." Mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni mume, na utani huo humwezesha kusema mambo ambayo mama angeyasema kwa ukali.

Sikukuu nyingi za shukrani duniani zimefungwa na mavuno. Huko Marekani, sikukuu yao ya shukrani ilitangazwa na Rais Abraham Lincoln mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaithibitisha kuwa Alhamisi ya nne ya Novemba, ghala zikiwa zimekwisha kujaa. Ni desturi njema, nayo ni rahisi kufahamika, kwani aliyevuna anashukuru. Idi haingoji mavuno. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kila mwaka, ikizunguka misimu yote kwa muda wa miaka yapata 33. Huangukia mavuno, huangukia kiangazi, na kuna miaka huangukia miezi ambayo mahindi ya masika bado ni mabichi shambani na ya mwaka jana yamekwisha ghalani.

Mwaka 2022 iliangukia mwanzo wa Mei. Vuli ya mwaka 2021 ilikuwa imekosa mvua katika sehemu nyingi za nchi, na shamba la bibi lilikuwa mojawapo ya yaliyokauka. Binti zake hawakuja. Bei ya kila kitu ilikuwa imepanda, na nauli ya watu watano si kitu kidogo. Walikuwa watu wanne tu ndani, bibi na wajukuu watatu. Kibaba kiliteremshwa kama desturi, akapewa mvulana wa miaka sita aliyekuwa ameingoja zamu yake tangu mwaka uliotangulia. Akapima kimoja, akapima cha pili, akapima cha tatu. Cha nne hakikujaa hata nusu. Nafaka nyingine haikuwamo nyumbani.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Vinywa ni vinne, na vibaba havikutimia vinne, posho ya siku moja. Sheria haimlazimishi kutoa asiyekuwa na ziada ya chakula chake na cha watu wake kwa usiku na mchana wa Idi. Bibi aliijua. Akasema, "Mwaka huu sisi hatumo." Mvulana akalia, wala si kwa njaa. Alikuwa amesuka kapu.

Asubuhi, kabla ya watu kwenda kusali, mlangoni pakapigwa hodi. Alikuwa mtoto wa jirani, mwenye umri kama wake, na kapu kichwani.

"Shikamoo bibi. Mama anawasalimu, na hii ni fitri yetu."

"Marahaba, baba. Karibu."

Mvulana alikuwa amejificha nyuma ya mlango, pale pale panapotundikwa kibaba. Katika miaka yote aliyopata kuona, fitri ilikuwa kitu kitokacho kwao. Bibi angeweza kupokea mwenyewe jambo likaisha; pengine mtu mwingine angemhurumia mtoto akafanya hivyo. Yeye alimwita. "Njoo, mume wangu, upokee wewe."

Akatoka, akapokea kwa mikono miwili. Hakusema neno. Aliketi mkekani, akachukua kibaba, akaanza kuupima mchele aliopewa mbele ya macho ya mwenziwe, kimoja, cha pili, kwa kuwa hakujua jambo jingine lifanywalo na kapu la fitri. Bibi akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa kibaba.

"Tunachotoa hupimwa," akamwambia kwa sauti ya chini. "Tulichopewa hakipimwi."

Kisha akamkumbusha kuwa chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mvulana akatoka uani, akakaa huko kitambo, akarudi na ndimu tatu. Akazitia ndani ya kapu la jirani, akalibeba mwenyewe mpaka kwao, yule mwenziwe akifuata nyuma.

Mwaka uliofuata Idi iliangukia Aprili. Shangazi hakuwapo, ila mama wote walikuja na watoto wao, na zamu ya kibaba ikawa ya dada yake mdogo. Lakini alipofika kwenye pishi iliyokuwa ya kwenda kwa jirani yule, kaka yake aliomba aipime yeye. Alijaza kibaba hata kichwa kikaporomoka pande zote. Dada yake akamshitaki kwa bibi kwamba anamwaga mchele. Bibi alikuwa akishona kapu, hakuinua uso. Mvulana naye hakujibu. Alikuwa ameinama, akiokota punje moja moja juu ya mkeka na kuzirudisha ndani ya kapu.