Mkwaruzo wa Sindano

Kila msomaji wa gazeti hili amepata kumwona fundi wa bati ameketi chini ya mwembe, akikata debe kuukuu na kuligeuza koroboi, au akiziba sufuria iliyotoboka. Sisi walimu wawili, tuliofundisha kazi za mikono katika shule moja kwa miaka mingi, tuliijua kazi hiyo vema. Wanafunzi wetu walitengeneza ndoo zisizovuja, na watu wa vijiji vya jirani walikuja kuzinunua. Basi tulijiona kuwa katika mambo ya bati hakuna tena lililosalia la kutufundisha. Leo twataka kueleza jinsi tulivyofundishwa upya, tena kwa aibu, na kipande cha bati kisichozidi urefu wa shibiri moja.

Mwaka 2014 tulipata nafasi ya kwenda masomoni katika jimbo la Kansas, Marekani, kwa muda wa mwaka mmoja. Karibu na chuo chetu alikaa mzee mmoja, mkulima wa ngano aliyestaafu, ambaye pia alikuwa fundi wa ndege mwenye hati ya serikali. Katika ghala yake, mahali palipokuwa pa matrekta zamani, alikuwa na eropleni ndogo aliyoinunua ikiwa mbovu. Aliposikia ya kuwa sisi ni walimu wa ufundi alitukaribisha, akasema kwamba kila Jumamosi twaweza kuja kumsaidia, naye atatufundisha. Tukakubali kwa furaha.

Eropleni ile ilikuwa Cessna 140. Ni ndege ya watu wawili wanaoketi bega kwa bega, na injini yake ina nguvu za farasi 85. Ndege za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1946, mara baada ya vita kuu ya pili, nazo zilitengenezwa Wichita, katika jimbo lile lile la Kansas. Mwili wake ni wa bati la alumini, lakini mabawa yake ya asili yalivikwa kitambaa. Tangu mwaka 1951 hazitengenezwi tena. Kwa hiyo mwenye ndege ya namna hiyo akikosa kipande fulani dukani, hana budi kukivua katika ndege nyingine iliyokufa, au kutengeneza kipya kwa mikono yake.

Wala msomaji asidhani kwamba jambo hilo hufanywa ovyo. Sheria ya Marekani yamruhusu mwenye ndege kutengeneza kipande kwa ajili ya ndege yake mwenyewe, si kwa kuuza. Lakini yampasa kuhakikisha kwamba kipande kipya ni sawa na cha asili kwa umbo, kwa unene na kwa aina ya madini, na kikiisha kufungwa, fundi mwenye hati hutia sahihi yake katika daftari la ndege. Sahihi hiyo ni ahadi kwa mtu ye yote atakayepanda ndege ile, hata asiyezaliwa bado.

Ndani ya mkia wa ndege mna viunzi vya bati vilivyopangwa mmoja nyuma ya mwingine, mfano wa mataruma ya jahazi, na bati la nje limepigiliwa juu yake kwa ribiti. Gurudumu dogo la nyuma liko mkiani, na kila ndege inapotua, pigo la ardhi huingia katika viunzi hivyo. Mzee alitingiza kurunzi ndani, akatuonyesha bati moja la kukaza lililopasuka. Ufa wake ulikuwa mwembamba kama unywele. “Kazi yenu ni hii,” akasema. “Tengenezeni kingine kama hiki.” Kisha akaongeza kwa kucheka kwamba ndege ikiisha kupona, mtu wa kwanza kuketi katika kiti cha pili atakuwa mjukuu wake, binti wa miaka 9, ambaye alikuwa akimwuliza kila siku kama ndege iko tayari.

Kwanza tulijifunza kwamba bati lile si sawa na la sufuria. Alumini iliyo karibu safi ni laini. Lakini mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Alfred Wilm, alichanganya alumini na shaba, kadiri ya sehemu 4 katika 100, pamoja na magnesiamu kidogo. Aliipasha moto mkali, kisha akaizamisha majini ghafula. Ilipotolewa ilikuwa laini bado. Lakini alipoipima tena baada ya siku chache, aliona imekuwa ngumu kuliko siku ya kwanza, wala hapana mtu aliyeigusa. Madini ilikuwa ikijigeuza ndani yake yenyewe, kimya kimya. Ugunduzi huo ndio uliowapa watu bati jepesi lenye nguvu ya kutosha kujengea ndege. Hata leo viko viwanda ambamo ribiti za madini ya jamii hiyo huwekwa katika baridi kali kama nyama, ili zisiwahi kuwa ngumu kabla ya kupigiliwa.

Lakini kila kilicho kigumu kina ukaidi wake. Waswahili husema, samaki mkunje angali mbichi. Nasi bati lile tulilikunja limekwisha kukauka. Unene wake haukufika milimeta 1, hata hivyo halikukubali kukunjwa kwa pembe kali kama debe. Lilitaka kuzungushwa polepole juu ya kalibu ya mti mgumu, ambayo ukingo wake umeviringwa kwa kipimo. Tena lina nyuzi kama za mti, zilizofuata njia ya vinu vilivyolibana kiwandani, na yafaa kunjo likate nyuzi hizo, lisizifuate. Pale makunjo mawili yanapokutana, hutobolewa tundu dogo kwanza, ili bati lisiraruke pembeni. Na kila ukingo uliokatwa hupigwa tupa na kusuguliwa hata kidole kikipita kisihisi kitu.

Zaidi ya yote, mzee alituonya juu ya alama. Kalamu ya risasi hakuitaka kabisa karibu na bati lile, kwa maana unga wake ukibaki juu ya alumini na unyevu ukaingia, bati huanza kuliwa. Sindano ya chuma aliiruhusu kwa mstari wa kukatia tu, ambao utaondoka pamoja na bati linalotupwa. Mstari wa kukunjia ni lazima uandikwe kwa wino. Maana bati hilo limevikwa pande zote mbili ngozi nyembamba mno ya alumini safi, inayolikinga lisiliwe. Sindano huipasua ngozi hiyo, na mahali ilipopita panakuwa mlango wa ufa.

Tuliyasikia hayo yote, tukaitikia. Jumamosi ya tatu mzee alikwenda mjini, akatuacha peke yetu. Siku hiyo palikuwa na joto, mikono yetu ilikuwa na jasho, na mstari wetu wa wino ulifutika mara mbili. Mara ya tatu mmoja wetu alishika rula, mwingine akachukua sindano. Hatutasema ni yupi alishika nini, kwa sababu wote wawili tulijua, wala hapana aliyemkataza mwenziwe. Mstari ukatokea mwembamba, mzuri, ulionyoka. Tukakunja, na kunjo likawa safi kuliko yote tuliyokwisha kufanya. Mkwaruzo ulikaa juu ya mgongo wa kunjo, upande wa nje, mahali bati linapovutwa kwa nguvu kuliko po pote pengine. Tukapaka rangi ya kwanza, ile ya kijani inayozuia kutu, na mkwaruzo haukuonekana tena.

Mzee aliporudi alikigeuza kipande chetu mkononi, akakipima, akatusifu. Hatukusema neno. Njiani kurudi chuoni tulizungumza habari za mitihani, habari za chakula, habari za barua kutoka nyumbani. Habari ya bati hatukuitaja. Juma zima lilipita hivyo. Nyakati za usiku tulijiambia kwamba mkwaruzo ule ni mdogo mno, kwamba rangi imeufunika, kwamba ndege haitaruka mara nyingi. Lakini kila tulipomaliza kujitetea, tuliona kile kiti cha pili.

Jumamosi iliyofuata tulimkuta mzee amekwisha kupanga ribiti mezani na kekee yake iko tayari. Ndipo tukamwambia, “Bwana, usikifunge kipande kile. Tulichora kunjo kwa sindano.” Alinyamaza kitambo, akakiweka kekee chini. Hakukasirika. Alikibana kipande chetu katika jiliwa, akakikunjua na kukikunja tena. Mara ya pili kikakatika, na mahali kilipokatika palinyoka kama palipopigwa rula. Ulikuwa ni mstari wetu wenyewe. Kisha akachukua kipande kingine cha bati lile lile, kilichokunjwa kwa alama ya wino, akakifanya vivyo hivyo. Nacho kilikatika mwishoni, lakini kilivumilia zaidi, na mkato wake ulipinda huku na huku.

Baadaye alitupa kioo cha kukuzia pamoja na kile kipande kibovu kilichotolewa mkiani, akatuambia tuufuate ufa mpaka chanzo chake. Tuliufuata. Ulianzia kwenye tundu moja la ribiti ambalo ukingo wake haukusuguliwa. Palibaki jino dogo la bati, dogo kuliko punje ya chumvi. Tundu lile halikuwa la asili, bali lilitobolewa na mtu fulani katika matengenezo ya zamani. Mtu huyo hatumjui, wala hatumhukumu. Huenda naye siku hiyo alikuwa na joto na mikono yenye jasho. Lakini jino lile halikusahau kazi yake. Kila ndege ilipotua, ufa ulisogea kidogo, kidogo, ndani ya giza la mkia, mpaka ukatufikia sisi. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta hubomoka mbele ya macho ya mwenyewe, na ufa ule haukuwa na wa kuutazama.

Tulianza upya. Ilituchukua Jumamosi mbili. Tulikata, tukasugua, tukaandika kwa wino, na wino ulipofutika tulinawa mikono, tukangoja ikauke, tukaandika tena. Tulitoboa matundu mbali na ukingo, umbali usiopungua mara mbili ya unene wa ribiti. Tulipopigilia, mmoja wetu alishika bunduki ya hewa kwa nje, na mwingine alishika chuma kizito kwa ndani, mpaka kila kichwa cha ribiti kikalala kwa kipimo: kimo chake nusu ya unene wa ribiti, na upana wake mara moja na nusu. Mbili hazikufaa, tukazitoa kwa kekee na kuzirudia. Mzee alichungulia kwa kurunzi na kioo kwa muda mrefu kuliko siku zote, kisha akafungua daftari, akatia sahihi.

Mwezi wa tano ndege iliruka. Kwanza mzee aliijaribu peke yake, mara nyingi, siku nyingi. Ndipo siku moja akampandisha mjukuu wake. Sisi tulisimama kando ya uwanja wa majani tukiwa na mama yake yule binti, ambaye hakujua lo lote juu ya sindano yetu. Ndege ilipozunguka na kurudi, gurudumu la nyuma lilipogusa ardhi, sote wawili tulishika pumzi. Yule mama akatutazama, akacheka, akatuuliza kama twaogopa ndege.

Sasa tumerudi shuleni kwetu, na vipande viwili vya kile kilichokatika viko juu ya meza ya karakana. Mwanafunzi anapotuletea koroboi au ndoo, nje hatutazami kwanza. Twaingiza kidole ndani, pale mnunuzi asipopaona. Watoto wengine hunung’unika wakisema, “Mwalimu, hapo nani atapaona?” Zamani tungewajibu kwa maneno mengi. Siku hizi twawapa vipande vile viwili mkononi, tukawaambia waviunganishe, watazame jinsi mkato ulivyonyoka, na wabashiri ni nani aliyeuchora.