Mboga Isiyo na Jina Pwani: Safari ya Kitale na Bungoma

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiotesha mimea ya ladha mbalimbali katika ardhi inayonyweshwa maji mamoja. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake. Ama baad, wiki hii tunawaomba wasomaji wetu, na hasa akina mama, watufuate katika safari ya bara tuliyokwenda kumtazama binti yetu aliyeolewa Bungoma.

Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu harusi. Kila alipompigia mama yake simu, malalamiko yalikuwa yale yale: huku hakuna samaki, nazi ni ya kutafuta, na kila siku ni ugali na majani machungu. Mwisho akaanza kuuliza kama anaweza kurudi nyumbani "kupumzika". Sisi tuliokaa katika mabaraza ya suluhu tunalijua neno hilo. Ndoa nyingi tumeziona zikivunjika kwa mambo madogo kuliko chungu cha mboga. Basi tukafunga safari na mama yake.

Tulishuka Kitale alfajiri. Mji huo uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Elgon uko upande wake wa magharibi. Baridi yake humfanya mtu wa Mombasa atamani kuvaa kanzu mbili. Baada ya kuswali tuliingia sokoni kutafuta zawadi ya kuwapelekea wakwe. Tukaona mafungu ya mizizi ya mviringo, nyeupe chini na zambarau juu, majani yake yangali mabichi. Tukasema, hizi ni figili, zitafaa kwa kachumbari.

Muuzaji akatabasamu. "Si figili hizo, mzee. Hizo ni tanipu. Figili inawasha, hii ukiipika inakuwa tamu."

Tulinunua mafungu matatu, na gari lilipokuwa likipita Kiminini na Kamukuywa tukawa tunalitafakari jina hilo. Figili sisi tunayo, na jina lake tumelipata kwa Waarabu, wanaoiita fijl. Tanipu nayo Waarabu huiita lift. Watu wa Iraq husema shalgham, neno walilolichukua kwa Waajemi, na Wahindi husema shalgam. Kwa nini basi majina hayo hayakukaa katika vinywa vyetu? Jibu limo katika mmea wenyewe. Tanipu hupenda baridi. Ukiipanda penye ubaridi, hukomaa kwa muda wa miezi miwili hivi; penye joto kali mzizi wake huwa mgumu, wenye nyuzi na uchungu. Haikuwa na maskani pwani, ndiyo maana haikupata jina. Na kitu kisicho na jina nyumbani kwako ni chepesi kukidharau.

Bungoma tulipokewa kwa heshima kubwa. Mama mkwe wa binti yetu aliyashika yale mafungu, akayageuza, akasema kwa unyenyekevu, "Baba Sheikh, hii hatujawahi kuipika." Mama yake binti akajibu, "Wala sisi." Wakatazamana, wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza baina yao tangu siku ya harusi.

Mwenyeji aliyanusa majani, akatamka, "Hii ni ndugu ya kanzira." Akayachambua, akayapika kama wanavyopika mboga zao: maji kidogo, musherekha, yaani chumvi ya majivu inayolainisha mboga, kisha maziwa. Mama yake binti akaichukua mizizi, akaimenya na kuikata vipande vyembamba, akaitia chumvi, siki, pilipili na mbegu za haradali alizozibeba mkobani kutoka Mombasa. Binti yetu alisimama katikati, mara anakoroga kwa huyu, mara anaonja kwa yule.

Mama yule hakusoma elimu ya mimea, lakini alisema kweli. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja wa Japani, Nagaharu U, alieleza nasaba ya mimea hii. Kanzira ni mtoto wa haradali nyeusi na jamii ya kabichi, ambayo sukuma wiki pia imo humo. Haradali ya kahawia, ile iuzwayo madukani kwa jina la rai, ni mtoto wa haradali nyeusi hiyo hiyo na jamii ya tanipu. Kwa hiyo kanzira ya Bungoma na rai ya achari yetu wamechangia mzazi mmoja. Na haradali ndiyo ile ambayo Qur'ani Tukufu imeitaja punje yake katika Surat Luqman na Surat al-Anbiyaa, kutufundisha kwamba hakuna jambo dogo mbele ya Allah.

Chakula kilipoandaliwa, tulikumbushana aliyoyapokea Abu Hurayra, kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwahi kukitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Na Jabir amepokea kwamba siku ambayo nyumbani mwake hapakuwa na kitoweo ila siki, aliila na kuisifu. Hatukumwambia binti yetu neno zaidi ya hayo. Alikula majani yaliyopikwa kwa maziwa, akaongeza, kisha akamwuliza mama mkwe wake namna ya kutengeneza musherekha.

Akina mama, mnapowaoza mabinti mbali, mkobani watilieni mbegu za haradali, na kifuani watilieni adabu ya kuonja kabla ya kukataa. Siku ya kuondoka hakuna aliyelitaja tena lile neno "kupumzika". Mwenyeji wetu alitufungia kanzira mbichi katika jani la mgomba, naye akabaki na chupa ya achari.

Tunamwomba Allah azilainishe nyoyo za wakwe wote na azibariki nyumba zao. Amin.