Masika wa Nyumba Ipi?

Kwetu Mahango, Uganda, huko juu milimani kwenye kahawa, mtoto hatafutiwi jina. Jina linamngoja. Mvulana wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Msichana wa kwanza ni Masika, anayemfuata ni Biira, kisha Kabugho. Mimi ni wa tatu, na darasani tulikuwa akina Masereka wanne. Mwalimu alitutofautisha kwa majina ya baba zetu. Asipoyakumbuka, kwa kimo.

Sikujua kwamba jambo hilo lingekuja kunitoa jasho ukubwani.

Juni 2019 nilikuwa kijana wa afya mwenye daftari, nikapangiwa Bwera, mpakani. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, Kongo, Ebola ilikuwa imetangazwa tangu tarehe 1 Agosti 2018, na wagonjwa walikuwa wameshapita 2,000. Pale darajani Mpondwe kila anayevuka alinawa maji ya klorini na kupimwa joto, na siku za gulio, Jumanne na Ijumaa, foleni ilikuwa haikatiki. Harufu ya klorini ilishika hadi noti za shilingi. Tarehe 11 Juni majibu yakatoka Entebbe, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi: mtoto wa miaka 5, aliyevuka na jamaa zake kutoka Kongo, ana Ebola. Akafariki. Bibi yake naye akamfuata. Gulio likasimamishwa, watu wakaacha kupeana mikono. Na kwetu, mtu asiyekupa mkono ana kesi nawe.

Watu hudhani mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko hushinda maabara akichungulia darubini. Mimi nilishinda juu ya boda boda. Kila aliyekaribiana na mgonjwa hutembelewa kila siku kwa siku 21, kwani virusi vyaweza kujificha mwilini muda wote huo kabla homa haijaanza.

Kwenye orodha yangu palikuwa na Masika, mwanamke, na jina la kijiji. Basi. Nikaenda, nikaulizia Masika, nikaonyeshwa nyumba. Mama akaniwekea kiti uani, mbali kidogo, nikampima: 36.4. Kesho yake 36.5. Siku ya tatu nikamkuta anamenya muhogo.

"Mwanangu," akasema, "kwani mimi nina nini?"

Nikamweleza alivyoandikwa. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Na mguu huu ulivyovimba? Mwezi mzima sijavuka ua huu. Wewe unamtaka Masika wa nyumba ya chini."

Siku tatu nampima mtu siye! Hata kuaga sikuaga. Nikateremka mbio katikati ya migomba, moyo ukinidunda. Masika wa nyumba ya chini alikuwepo, mzima, 36.7, na amefura kwa hasira. Siku tatu alikuwa akisikia pikipiki yangu ikipita huko juu, na majirani walishaanza kunong'ona kwamba serikali imemwacha afe.

Jioni nilirudi kwa mama wa juu kuomba radhi. "Jina peke yake halikusaidii," akaniambia. "Uliza ni Masika wa mama gani, kaolewa wapi, na ng'ambo wanamwitaje." Hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Kwa ndugu zetu Wanande wa ng'ambo jina huvuka daraja na kubadili nguo: Bwambale huwa Kambale, Masereka huwa Kasereka, Kule huwa Kakule, Biira huwa Kavira. Mtu mmoja angeweza kuhesabiwa mara mbili, Bwera huku na Kasindi ng'ambo, na watu wawili wakageuzwa mmoja. Usiku ule nilichora safu tatu zaidi daftarini, kwa rula na kalamu ya risasi.

Katikati ya mwezi chanjo ikaanza kwa waliokaribiana na wagonjwa. Mwaka 2022 nilikwenda Mubende, kwenye Ebola ya aina ya Sudan ambayo chanjo ile haiiwezi, na wenzangu walinicheka kwa kumuuliza kila mtu jina la mama yake. Niliendelea kuuliza.

Mwaka ule wa 2019 hakuna aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Masika wote wawili wako hai. Yule wa juu, mguu bado unamsumbua.