Safari ya Andalus: Chombo na Chakula

Watu wengi waendao Hispania siku hizi huenda kwa ajili ya kula. Jambo hili si la kulaumiwa, maadamu kinacholiwa ni halali. Kwani chakula cha watu humwonyesha mgeni walikotoka na nani walioishi nao. Lakini tumeona kuwa wasafiri, na hasa vijana, huuliza sana wapi pa kula na wapi pa kulala, wala hawaulizi vya kutosha juu ya lililo katikati ya hayo: watatoka mji mmoja hata mwingine kwa chombo gani? Sisi twasema kwamba katika safari ya chakula swali hili ndilo la kwanza. Sehemu kubwa ya chakula cha nchi ile haiko mijini, bali iko njiani, katika mashamba na vinu na vijiji vilivyo kati ya mji na mji. Basi mwenye kuchagua chombo kwa kutazama wepesi wake tu, huenda akalipa nauli ili apitishwe mbali na kile kile alichokifuata.

Tulifunga safari hiyo tukiwa watu wanne: sisi, mzee mmoja rafiki yetu wa siku nyingi, na vijana wawili waliosoma chuoni kwetu walipokuwa wadogo, ambao sasa wanaishi na kufanya kazi Ulaya. Kabla hata ya kufunga mizigo kulizuka hitilafu. Vijana walitaka motokaa ya kukodi, ili wawe huru kusimama popote. Mzee alitaka treni, kwa sababu ya mgongo wake. Fedha zilikuwa za kuhesabu, na juu ya hayo yote ilikuwapo khofu ya kweli: tutakula nini katika nchi ambayo nyama ya nguruwe imeingia hata katika sahani za mboga? Tukaketi na ramani, tukakubaliana kwamba hatutachagua chombo kimoja kwa safari nzima. Kila kipande cha njia tutakipa chombo kinachokifaa.

Swali hili si jipya. Ibn Batuta, ambaye wasomaji wetu wanamjua kwa kuwa alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Andalus pia, kiasi cha mwaka 1350. Alipokuwa Marbella alikuta kundi la wapanda farasi waendao Málaga, akataka kufuatana nao, lakini wao wakatangulia. Akawafuata nyuma. Njiani akaona farasi amekufa, na mbele yake tenga la samaki limetupwa chini. Akajua pana jambo. Kumbe majahazi ya adui yalikuwa yamefika pwani, wale wapanda farasi wameshambuliwa, wengi wao wametekwa, na mvuvi mwenye tenga ameuawa. Alipofika Málaga salama aliandika sifa za zabibu, tini na lozi za mji ule. Leo njia hiyo ni ya amani, alhamdulillahi, lakini funzo limebaki: msafiri hujua mengi kwa kutazama kilicho kando ya njia.

Yafaa pia msomaji ajue kwa nini nchi hii yatuhusu mezani. Waislamu walitawala katika Hispania tangu mwaka 711 mpaka Granada ilipotoka mikononi mwao tarehe 2 Januari 1492. Katika karne hizo walieneza huko kilimo cha mpunga, miwa, malimau, mabilingani na zafarani, pamoja na ujuzi wa kugawa maji kwa mifereji. Utawala uliondoka, maneno yakabaki. Mhispania akisema azúcar, asema sukari. Aceituna ni zaituni. Limón ni limau. Azafrán ni zafarani. Berenjena ni bilingani. Mtoto wa Lamu au wa Unguja akiingia sokoni Córdoba, mji ambao vitabu vyetu vyauita Kurtuba, husikia maneno ya jikoni kwao yamevaa nguo nyingine. Yasimuliwa tena kwamba Ziryab, mwimbaji aliyetoka Baghdad na kufika Córdoba mwaka 822, ndiye aliyewazoeza watu wa huko kuleta chakula kwa zamu, supu kwanza, kisha nyama, kisha vitamu.

Sasa tuvitazame vyombo kimoja kimoja, tukianza na treni. Wazee wetu waliiita gari la moshi, lakini hii ya Hispania haina moshi. Yaenda kwa umeme, na mwendo wake hufika kilomita 300 kwa saa. Njia ya kwanza ya mwendo huo, kutoka Madrid hata Sevilla kwa kupitia Córdoba, ilifunguliwa mwaka 1992. Ya Barcelona ilikamilika mwaka 2008, ya Valencia mwaka 2010, na ya Granada mwaka 2019. Tangu mwaka 2021 makampuni mengine yameruhusiwa kushindana na lile la serikali, na nauli zimepungua katika njia kubwa, hasa kwa mwenye kununua tikiti mapema. Kutoka Madrid hata Córdoba ni kiasi cha kilomita 400 kwa barabara, na treni huzikata kwa saa mbili kasorobo hivi. Hapo ndipo treni inapofaa: mahali ambapo kati ya mji na mji hukusudii kusimama. Mzee wetu alisinzia, akaamka Córdoba, mgongo wake mzima. Tena treni humruhusu mtu kuchukua kikapu chake cha chakula, na kwa Muislamu kikapu hicho ni amani ya moyo, kwa kuwa katika behewa la mkahawa kinachouzwa sana ni mkate wenye nyama ya nguruwe.

Lakini treni ina hila yake, nayo ni saa. Wahispania hula chakula cha mchana kuanzia saa nane hata saa kumi, na cha usiku saa tatu au zaidi. Katikati ya nyakati hizo majiko mengi hufungwa. Mwenye kupanda treni saa saba na kushuka saa kumi amekosa chakula kilicho bora na rahisi kuliko vyote, yaani kile cha mchana cha bei moja ambacho hoteli nyingi hukitoa siku za kazi. Kwa hiyo safirini asubuhi. Katika kiangazi saa za nchi ile zimetangulizwa sana mbele ya jua, hata adhuhuri huingia baada ya saa nane mchana, na magharibi ya mwezi wa Juni karibu na saa nne usiku. Ukiwasili saa sita, utaweka mizigo, utasali adhuhuri mwanzo wa wakati wake, kisha utakula na majiko yangali wazi. Jambo hili dogo lilitupa raha kuliko tulivyotazamia.

Chombo cha pili ni basi. Vijana wengi hulidharau, nasi twasema wamelikosea. Basi ni rahisi kwa nauli, na katika kusini huingia mahali ambapo treni haiingii. Kutoka Córdoba kwenda Granada treni ndiyo yenye haraka, lakini iko barabara ya zamani ipitayo Baena, Alcaudete na Alcalá la Real, chini ya ngome zilizokuwa mpaka baina ya Waislamu na Wakristo. Njia hiyo yote ni mizaituni. Hispania ni ya kwanza duniani kwa mafuta ya zaituni, na jimbo la Jaén peke yake lina miti inayozidi milioni 60. Mtu aweza kuisoma hesabu hiyo kitabuni na asiijue maana yake. Akiketi dirishani mwa basi saa mbili na zaidi, na mizaituni isikatike kilima hata kilima, ndipo ataielewa. Baena ni mji uliotukuka kwa mafuta yake. Kinu cha mafuta wao hukiita almazara, neno la Kiarabu. Zaituni huvunwa kuanzia Oktoba hata baridi kali, na mafuta ya kwanza ya msimu huwa ya kijani na hukereketa kooni. Mkate mkavu, mafuta hayo na nyanya iliyosagwa ni chakula ambacho tajiri na maskini hukila asubuhi, wala hakina shaka.

Basi letu lilisimama kwenye hoteli moja ya njiani ili abiria wapumzike. Tulitazama vyote vilivyowekwa, na kila mkate ulikuwa na nyama tusiyoila. Hata dengu zilipikwa na soseji yake. Kijana mmoja, ambaye njaa ilikuwa imemshika, alisema labda vipande vile vyaweza kuondolewa kwa uma. Mzee hakumkemea. Alifungua kikapu, akatoa mkate, zaituni, mayai ya kuchemsha na tende, akasema, "Mwanangu, kula hiki kwanza, kisha tuzungumze habari ya uma." Baada ya kula hapakuwa na mazungumzo tena. Twaona hiyo ndiyo hekima yote ya kusafiri kwa basi: barabara itakuonyesha chakula, lakini usiitegemee ikulishe.

Kutoka Granada kwenda Málaga mtu ana njia mbili. Ya bara ni fupi, kiasi cha saa moja na nusu. Ya pwani ni ndefu, na yafaa kuchukuliwa na mwenye nafasi, hata akilazimika kubadilisha basi Nerja. Katika pwani ya Motril na Salobreña miwa ililimwa tangu zama za Waislamu, na kiwanda cha mwisho cha sukari hiyo kilifungwa mwaka 2006. Leo mahali pake pameota maparachichi, maembe, na tunda liitwalo chirimoya, ambalo ni ndugu wa stafeli letu. Asali ya miwa ingali ikitengenezwa katika kijiji cha Frigiliana, nayo humiminwa juu ya mabilingani ya kukaanga. Huko Málaga dagaa wakubwa hutungwa vijitini na kuchomwa ufukoni, kama wavuvi wetu wafanyavyo. Na samaki humwondolea Muislamu khofu ya kuchinja.

Chombo cha tatu ni motokaa. Tuliikodi kwa siku mbili tu, kwa ajili ya mashamba ya Jaén, na hapo vijana walipata haki yao. Vinu vingi viko nje ya miji, na basi la kijijini huenda likapita asubuhi lisirudi mpaka jioni. Watu wanne wakigawana gharama, bei si kubwa, na barabara nyingi kuu hazina ushuru. Lakini motokaa haifai ndani ya miji ya zamani. Vichochoro vya Albaicín na vya Córdoba vilijengwa kwa punda na mtu wa miguu, na mahali pengi magari ya wageni yamekatazwa, na faini humfuata mtu hata kwao. Kodini motokaa mnapotoka mjini, irudisheni kabla hamjaingia mji mwingine.

Chombo cha nne ni ndege. Kutoka Madrid hata Barcelona treni huchukua saa mbili na nusu hivi, nayo hukushusha katikati ya mji. Mwenye ndege akihesabu mwendo wa kwenda uwanjani, kungoja na kutoka, hajaokoa kitu. Ndege iachiwe visiwa, kama Mallorca. Na atakayefika Mallorca ajihadhari na mkate mtamu uitwao ensaimada, kwani jina lake lenyewe latokana na shahamu ya nguruwe.

Mwenye siku za ziada aende Valencia kwa treni ya Alhamisi asubuhi. Saa sita kamili, mlangoni pa kanisa kuu, wazee wa mifereji huketi kuhukumu magomvi ya maji ya mashamba, bila ya karatasi, kwa desturi ya karne nyingi. Kisha apande basi la mji hata Albufera, ziwa ambalo jina lake ni al-buhayra, yaani kibahari, na aone mashamba ya mpunga. Wali wa Valencia uitwao paella hupikwa kwa kuku na sungura. Basi aulizie uliopikwa kwa mboga au samaki, na aulize pia supu yake ilitokana na nini.

Hata hivyo asidhani mtu kwamba nchi ile imemfungia mlango Muislamu. Mapatano ya serikali na Waislamu, yaliyotiwa katika sheria mwaka 1992, yamekitambua chakula cha halali. Mabucha ya halali yako Lavapiés katika Madrid na Raval katika Barcelona, na Granada ulifunguliwa msikiti mwaka 2003 juu ya kilima, ukielekeana na Alhambra. Ajifunze maneno mawili, sin cerdo, bila nguruwe, na sin vino, bila mvinyo. Aliogope neno manteca, ambalo mara nyingi ni shahamu ya nguruwe katika vitumbua na biskuti. Kuuliza si ujinga, na mpishi mwungwana haudhiki kwa kuulizwa.

Basi, enyi vijana wetu, na enyi wazazi mnaowapa nauli, kanuni twaifupisha hivi. Panapokuwa na umbali mtupu, pandeni treni. Panapokuwa na vilima na vijiji, pandeni basi, mkae dirishani. Panapokuwa na mashamba, kodini motokaa kwa kipimo. Panapokuwa na bahari, ruka kwa ndege. Na katika vyote hivyo kikapu kisikose, kwani aliyeshiba halali yake huweza kuitazama meza ya wengine kwa utulivu, akachagua lililo jema na kuliacha lisilomfaa. Wabillahi tawfiq.