SEHEMU YA 4: Mtoto Anaongea Kiingereza, Lakini Darasani Anapotea

Haya ni kwa wazazi wenzangu mlioko huku Marekani. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni nesi wa wodini, diploma yangu nimeisomea nyumbani Tanzania, sasa hivi nafanya kazi hospitali huku. Wiki iliyopita tuliongea chanjo za shule. Leo tuongee lugha, maana inbox imejaa swali moja: "Nesi, mwanangu anaongea Kiingereza vizuri tu, kwa nini shule bado wanampeleka kwa mwalimu wa wanaojifunza Kiingereza? Si wanamdharau?"

Jibu fupi: hapana. Jibu refu, kaa kitako unisikilize.

Kuna Kiingereza cha uwanjani na Kiingereza cha kitabuni. Cha uwanjani mtoto anakidaka haraka, anacheka na wenzake, anabishana na dereva wa basi la shule. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha wa Kanada, alionyesha kwamba hicho kinachukua kama miaka miwili. Cha kitabuni, kile cha kueleza kwa nini barafu inayeyuka au kulinganisha hoja mbili, kinaweza kuchukua miaka 5 hadi 7. Sasa mzazi anasikia kile cha kwanza sebuleni, anadhani kazi imekwisha.

Mimi nimesoma sekondari kwa Kiingereza, uuguzi kwa Kiingereza. Lakini mtihani wa leseni wa huku, swali nililisoma mara tatu ndipo nijue wanataka nini. Dawa nilizijua. Sentensi ndiyo iliyonitesa. Na mimi ni mtu mzima! Je, mtoto wa miaka 12 aliyekuja juzi kutoka kambi ya Nyarugusu?

Nawapa kisa kimoja. Nimebadilisha mambo madogo ili mwenyewe asijulikane. Mama mmoja wa Kivu alilazwa, anatakiwa kutolewa kifuko cha nyongo. Kando ya kitanda amekaa kijana wake wa miaka 12, ndiye mkalimani wa familia nzima: benki, kodi ya nyumba, kila kitu. Nikamwambia mama tusubiri mkalimani wa simu. Akacheka: "Dada, huyu anajua Kingereza kuwashinda walimu."

Mkalimani alipokuja hewani, daktari akaeleza upya, mama akashika kifua. Kumbe tangu asubuhi alikuwa anajua anatolewa kizazi. Kijana alikuwa amemwambia tu, "Wanatoa kitu cha tumboni, hautakihitaji." Hakudanganya mtoto wa watu. Neno "nyongo" hakuwa nalo, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, akaziba pengo kwa alichokuwa nacho. Mama alikuwa amelia kimyakimya saa nne nzima, akidhani uzazi umekwisha.

Tukiwa tunaongea baadaye, mama akasema kijana huyohuyo anafeli sayansi. Shule walitaka kumweka kwenye masomo ya msaada wa Kiingereza, yeye akasaini kukataa, kwa sababu jirani alimwambia "lile darasa ni la wajinga." Nikamwambia: mama, umeona leo neno moja lilivyokutoa machozi? Mwanao kila siku darasani anakutana na maneno hamsini ya namna hiyo, na anayaziba vilevile.

Sasa tuje kwenye haki zako, maana huu msaada siyo hisani. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, ilisikiliza malalamiko ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco. Kama 1,800 hivi walikuwa hawapati msaada wowote wa lugha. Mahakama ikasema kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule, huku haelewi lugha, siyo usawa. Msingi wake ulikuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964.

Kwa hiyo mzazi, fanya haya:

1. Unapomwandikisha mtoto utapewa fomu inayouliza lugha ya nyumbani. ANDIKA UKWELI. Kiswahili, Kibembe, Kinyarwanda, yoyote. Hiyo siyo fomu ya uhamiaji. Ukiandika "English" kwa woga, mtoto anaweza kupitwa na msaada.

2. Kila mwaka anapimwa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Majimbo mengi yanatumia mtihani wa WIDA, alama 1 hadi 6. USIANGALIE jumla tu. Kuongea 5 na kuandika 2, huyo bado anahitaji mwalimu.

3. Una haki ya kukataa huduma hiyo, na una haki ya kurudi kuiomba. Yule mama alirudi.

4. Kwenye kikao cha shule omba mkalimani mtu mzima. Usimtumie mtoto kutafsiri ripoti yake mwenyewe, utasikia unachopenda kusikia tu!

5. Hapa naongea kama nesi: mtoto akiwa nyuma sana, pima masikio na macho kwanza. Na shule wakisema ana tatizo la kujifunza, sheria inataka apimwe kwa lugha anayoielewa. Kutojua Kiingereza siyo ugonjwa. Ila pia usikubali kila kitu kisingiziwe lugha, huku mtoto hasikii sikio moja.

6. Nyumbani endeleeni na Kiswahili, tena Kiswahili kilichoshiba: hadithi, majina ya viungo vya mwili, sababu za mambo. Mtoto anayejua nyongo ni nini, atakachotafuta kwa Kiingereza ni jina tu. Asiyejua anatafuta jina na kitu chenyewe.

Yule kijana sasa yuko kwa mwalimu wa Kiingereza kila siku. Sayansi bado anasukumana nayo, sitawadanganya. Lakini mama ameniambia ameanza kuuliza maswali darasani. Mtoto aliyezoea kuziba mapengo, akianza kuuliza, hiyo ni hatua kubwa.

Sehemu ya 5 nitaeleza namna ya kuomba mkalimani hospitalini bila kulipia. Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu. Mtumie na jirani yule anayesema darasa hilo ni la wajinga.